Muulize Fundi wa Picha: Slaidi za baba kwenye televisheni

SWALI: Shikamoo Mzee. Marehemu baba yetu alikuwa bwana shamba. Miaka mingi alifanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa mkonge cha Mlingano, huku kwetu Muheza, na alipenda sana kupiga picha. Ametuachia sanduku la slaidi zinazokaribia 600. Projekta yake ipo, ila taa imeungua na kila duka tulilouliza wanasema taa hiyo haipo tena. Mwezi wa 12 ndugu wote tutakutana nyumbani, na tunataka mama azione picha hizo kwenye televisheni. Tuliyo nayo ni ya inchi 43, Full HD, ina tundu la flashi. Kaka anasema baadaye atanunua ya 4K. Dukani Dar es Salaam nimeonyeshwa mashine tatu: kiboksi chenye kioo chake kinachohifadhi picha kwenye kadi ya memori, skana ya mezani yenye kifuniko, imeandikwa 6400, na skana ndogo ya filamu peke yake, imeandikwa 7200. Muuzaji anasema nifuate namba kubwa. Laptop ninayo. Ninunue ipi? Pia kuna slaidi zilizogeuka nyekundu, na nyingine baba ameziandika 11648 kwa kalamu. Hatujui kama ni tarehe au nini.
Binti wa Bwana Shamba, Muheza

JIBU: Marahaba mwanangu. Mungu amrehemu mzee wenu, na ninyi mmefanya vizuri kulitunza sanduku lake.

Muuzaji ameanzia kwenye boksi la skana. Wewe anzia kwenye televisheni, maana ndiyo itakayokuambia unahitaji nini. Televisheni yenu ya Full HD ina pikseli, yaani vinukta vinavyounda picha, 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Ya 4K ina 3,840 kwa 2,160. Sasa chukua slaidi moja uiangalie: fremu yake ya nje ni sentimita tano kwa tano, lakini dirisha la picha lina kama milimita 23 kwa 34. Zile namba za kwenye maboksi ni nukta ambazo skana inagawia kila inchi ya picha. Ukiiskani kwa nukta 1,200 kwa inchi, kimo chake kinakupa pikseli karibu 1,090, na hapo televisheni mliyo nayo imeshiba. Ukiiskani kwa nukta 2,400 unapata kama 2,170, na hata hiyo 4K ya kaka yako haiwezi kuonyesha zaidi ya hapo. Kwa hiyo namba unayoitafuta ni 2,400. Sharti moja tu: iwe 2,400 ya kweli.

Nasema ya kweli kwa sababu namba ya kwenye boksi inaeleza jinsi mashine inavyogawa picha, haielezi lenzi yake inaona kiasi gani. Skana ya mezani iliyoandikwa 6400, kama Epson V600, ikipimwa kwa filamu inatoa undani wa nukta 1,500 na ushei. Skana ya filamu iliyoandikwa 7200, kama Plustek OpticFilm 8200i, inatoa takriban nusu ya ilichoandika, yaani inapita 2,400 yetu bila shida. Ukiilazimisha ile ya mezani ifanye 6400 utapata faili kubwa, utasubiri sana, na uso wa mtu utakuwa na ukungu uleule.

Kile kiboksi chenye kioo si skana hasa. Ndani yake kuna kamera ndogo inayoipiga picha slaidi ikiwa imemulikwa kwa nyuma. Uzuri wake ni wepesi: unasukuma slaidi, unabonyeza, umemaliza, na vingine vina waya wa HDMI wa kuunganisha moja kwa moja na televisheni. Udhaifu wake uko gizani na kwenye mwanga mkali. Baba yako alikuwa akipiga picha shambani saa sita mchana, watu wamevaa kofia, jua la Muheza liko utosini. Picha ya namna hiyo ina weupe mkali wa shati na weusi mzito wa kivuli cha kofia. Slaidi yenyewe inabeba vyote viwili. Ukiimulika kwa taa nzuri unaona macho ya mtu chini ya kofia. Kiboksi kitakupa shati jeupe lisilo na mikunjo na uso mweusi usiotambulika. Na uso huo ndio mama anaotaka kuuona.

Ushauri wangu basi: nunua ile skana ndogo ya filamu. Ya mezani ningekushauri endapo mna pia albamu za picha za karatasi, barua na vyeti vya kuhifadhi, kwa sababu hiyo inafanya vyote. Lakini kwa slaidi peke yake, V600 inabeba nne kwa mara moja, na kwa slaidi 600 utafungua na kufunga kifuniko mara 150. Kama hukuitaja albamu kwa sababu haipo, skana hiyo ya mezani iache dukani. Mtu akikuuzia skana ya filamu ya Nikon Coolscan iliyotumika, ujue ilikuwa mashine bora sana, lakini haitengenezwi tena na vipuri ni vya kuhangaikia. Usiichukue labda uwe na fundi wake karibu.

Skana ya filamu inataka subira. Kishikizo chake kinachukua slaidi nne, nawe unakisogeza kwa mkono picha moja baada ya nyingine, na kila moja inakula dakika kadhaa. Kwa hiyo usizifanye zote 600 kabla ya mwezi wa 12. Weka karatasi nyeupe ya kupitisha mwanga dirishani asubuhi, uzipange slaidi juu yake kwa makumi, utenganishe za nyumbani na za kazini. Za nyumbani, harusi, watoto, wageni, ndizo za kuanza nazo. Za kazini zisubiri zamu yake, lakini msizitupe hata moja, na nitakueleza kwa nini.

Hiyo 11648 si tarehe. Ni namba ya mkonge chotara uliotokana na utafiti wa huko huko kwenu Tanga, na mashamba ya mkoa huo yanaulima hadi leo. Kwa hiyo slaidi zilizoandikwa hivyo ni kumbukumbu za kazi ya baba yako: mimea yake, pengine magonjwa yake, pengine mavuno yake. Ninyi mtaona majani tu. Mtu wa kilimo ataona jambo. Mkishaziskani, pelekeni nakala kituoni Mlingano, na kama kuna wazee waliofanya kazi na baba yenu bado wako hai, wakaribisheni waangalie nanyi.

Kama kuna tarehe halisi, itafute kwenye fremu ya karatasi. Kodak walikuwa wakipiga muhuri wa mwezi na mwaka, mara nyingine bila wino, umebonyezwa tu, hivyo uinamishe fremu mwangani ndipo uusome. Ujue kwamba huo ni mwezi wa kusafishwa filamu, si wa kupigwa picha. Filamu za Kodachrome zilikuwa zikisafishwa kwenye maabara maalumu tu, na za huku kwetu zilisafiri kwa posta hadi nchi za nje. Picha ya Idi inaweza kuwa na muhuri wa miezi kadhaa baadaye.

Jina hilo la Kodachrome litafute kwenye kila fremu, kwa sababu linabadilisha namna ya kuskani. Skana kama 8200i ina mwale wa infraredi, usioonekana kwa macho, unaotambua vumbi na mikwaruzo, kisha programu inaifuta. Kwa slaidi nyingi ni msaada mkubwa. Kodachrome ina rangi zinazouzuia mwale huo, na programu inaweza kudhani nywele nyeusi za mtu ni uchafu ikaanza kuzifuta. Zima infraredi kwa Kodachrome, na kwa slaidi za nyeusi na nyeupe vilevile. Safisha kwa kipulizio cha mpira na brashi laini, basi. Usipulize kwa mdomo. Mate yanaacha alama.

Zilizogeuka nyekundu yaelekea ni Ektachrome za zamani au za makampuni mengine, ambazo rangi yake ya samawati imekufa kabla ya nyingine. Kodachrome ikikaa gizani haififii hivyo, ndiyo maana ndani ya sanduku moja unakuta picha ya mwaka mmoja ina rangi kama jana na jirani yake ni kama imechovywa kwenye juisi ya ukwaju. Programu za skana zina kitufe cha kurudisha rangi zilizofifia. Kitumie, halafu upunguze nguvu yake kidogo, na uangalie ngozi za watu, usiangalie anga. Ngozi ikishakuwa sawa, mengine yatakuwa yamekaribia. Rangi iliyokufa kabisa hairudi; picha hiyo igeuze iwe nyeusi na nyeupe, itapendeza.

Sasa kazi yenyewe. Shika slaidi kwa fremu. Upande unaong'aa ukikutazama wewe, picha inasomeka sawasawa. Upande usiong'aa, wenye vijimistari vya kuinuka ukiutazama kwa mshazari, ndio wenye rangi, usiuguse. Ukiiweka kinyume, kila kitu kitapinduka kulia kushoto. Kwenye picha isiyo na maandishi, angalia vifungo vya shati la mwanamume, au saa ya mkononi. Slaidi zenye vioo ni nene, zinaweza zisiingie kwenye kishikizo, na vioo huleta miviringo ya rangi kama mafuta juu ya maji. Hizo zifungue taratibu juu ya kitambaa, uhamishie filamu kwenye fremu ya plastiki.

Hifadhi kila picha mara mbili. Ya kwanza iwe TIFF, faili linalotunza picha nzima bila kuipunguza, ya nukta 2,400: kila moja inachukua kama megabaiti 21, zote 600 ni kama gigabaiti 12 na nusu, hazijazi hata flashi ya 32. Hiyo ni amana, nakala moja ikae kwako, nyingine kwa kaka. Kutokana nayo toa JPEG ya kuonyesha kwenye televisheni. Flashi uifomati kwa mfumo wa FAT32, kwani televisheni karibu zote zinaisoma. Picha za wima zigeuze kwenye laptop kabisa kabla ya kuhifadhi. Ziko televisheni ambazo hazijui kugeuza zenyewe, na mama atalazimika kulaza shingo. Mistari myeusi pembeni mwa picha iache. Slaidi si pana kama televisheni, na ukibonyeza kitufe cha kukuza ili ijae kioo, utakata vichwa na miguu.

Jina la kila faili lianze na namba, 001, 002, na namba hiyohiyo uiandike kwa penseli kwenye fremu ya slaidi. Tafadhali usiliruke hili. Siku ya kuangalia, weka simu karibu na mama ikirekodi sauti, na kila picha inapotokea mmoja wenu aisome namba kwa sauti: "Mia moja na kumi na mbili." Mama atasema huyu ni nani, hapa ni wapi, shamba hili lilikuwa la nani, huyu mtoto alifariki mwaka gani. Msimkatishe, na msimharakishe kwenda picha inayofuata. Onyesheni slaidi 40 au 50 kwa siku, si zaidi, kwa sababu mtu mzima anachoka na kumbukumbu nazo zinachosha. Baadaye kijana mmoja akae na ile sauti na laptop, aandike majina chini ya namba zake.

SWALI: Fundi, siwezi tu kuweka slaidi juu ya kioo cha simu chenye mwanga mweupe, nikaipiga kwa simu nyingine? Nina slaidi sita tu.
Msomaji, Mombasa

JIBU: Kwa slaidi sita, unaweza, ndugu yangu. Usiilaze moja kwa moja kwenye kioo, maana vinukta vya kioo vitaonekana ndani ya picha. Iinue sentimita nne au tano, na katikati weka plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, kama kifuniko cha kopo la maziwa ya unga. Zima taa za chumbani, simu inayopiga isimame juu ya kitu imara, na tumia kipima muda cha kamera cha sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise. Kwenye televisheni ya Full HD zitaonekana vizuri. Kama kati ya sita hizo iko ya harusi ya wazazi, hiyo moja ipeleke kwa mwenye skana ya filamu.

SWALI: Slaidi zetu zilikaa kabatini karibu na bahari na zimeota kuvu, kama utando wa buibui. Nizioshe kwa maji?
Mama wa Watatu, Unguja

JIBU: Hapana, dada yangu, maji usiyaguse kabisa. Kuvu inakula ile gelatini iliyobeba rangi, na iliyoliwa inayeyuka kwenye maji. Utafuta picha pamoja na kuvu. Spiriti ya kusafishia vidonda nayo ina maji ndani, iache. Tafuta alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, lowesha pamba kidogo, ujaribu kwanza kwenye slaidi ambayo hutaililia, upande unaong'aa. Zile ambazo kuvu imeingia upande wa rangi, ziskani kama zilivyo, usizisugue. Kisha zote zitoke kabatini, zikae kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana pamoja na vipakiti vya silika, kwenye chumba kikavu kuliko vyote nyumbani. Vipakiti hivyo hushiba unyevu baada ya muda, kwa hiyo vibadilishe kila masika yakiisha.