Njoo na Kurasa, Si Wazo

Mwandishi akikwama hutamani wenzake wa kuongea nao. Ni vizuri, ila maongezi matupu yaweza kumdhuru. Ukishaisimulia hadithi ambayo hujaiandika, watu wakacheka na kuguna pale ulipotaka, hamu ya kuiandika huisha. Kwa hiyo sharti la kwanza la kikao liwe hili: tunazungumzia kilichokwisha kuandikwa. Waandishi wa Afrika walipokutana Makerere mwaka 1962, Ngũgĩ wa Thiong'o, bado mwanafunzi, alimpa Chinua Achebe mswada ausome. Riwaya ya kwanza ya Ngũgĩ ilitoka mwaka 1964.

Kuweni wanne hadi sita. Mkizidi hapo, zamu huchelewa na wenye haya hunyamaza. Mkiwa watatu, mmoja akikosa kikao kimevunjika. Muda wa saa mbili unatosha. Nusu saa ya kwanza andikeni, kila mtu na daftari lake, simu zikiwa mbali. Ukisikia kalamu ya jirani inakwenda, unaona aibu kuisimamisha yako. Asiye na pa kuanzia apewe kazi ndogo: ndugu wawili wanagawana kitu kimoja, na hakuna anayetaja chanzo cha ugomvi wao.

Kisha zisomwe kazi mbili tu, kila moja isizidi maneno 1,500. Na hapa tushike sana: mwandishi asisome kazi yake mwenyewe, amkabidhi mwenzake. Wewe unajua mkazo uwe wapi, hivyo sauti yako huziba matundu ya sentensi. Mwenzako hana msaada huo. Atafika kwenye "Juma alimwambia Ali kwamba amekosea," atasita, atarudia, kwa sababu hajui aliyekosea ni nani. Wewe tia alama pembeni kila anaposita, wala usijitetee.

Baada ya hapo kila msikilizaji ataje mahali alipovutwa na mahali alipopotea, basi. "Mimi ningeandika hivi" ipigwe marufuku, maana hapo hadithi inabadili mmiliki. Sifa za jumla nazo hazisaidii. Mtu akisema "nimeipenda", mwulizeni ni sentensi ipi.

Msukumo wenyewe mara nyingi huja zamu yako ikiwa bado. Unamsikia mwenzako akianza katikati ya ugomvi, bila utangulizi, nawe unagundua kwamba kurasa zako tatu za mwanzo hazina kazi. Liandike wazo hilo papo hapo, kwa maneno machache, kwani wazo la namna hiyo hupotea njiani. Ukifika nyumbani andika aya moja kutokana na wazo hilo kabla ya kulala, hata ikiwa mbovu. Asubuhi utakuwa na kitu cha kusahihisha, na kusahihisha ni rahisi kuliko kuanza.

Kabla hamjaagana, pangeni tarehe ijayo na mtaje wawili ambao kazi zao zitasomwa. Vikundi vingi hufa kwa "tutawasiliana".