Glavu ya vitambuzi jukwaani: nunua pedali kwanza

Usilipe bado. Umeuliza ununue glavu gani ya vitambuzi ili uamshe mwangwi na lupu za ngoma (vipande vinavyojirudia) kwa kupunga mkono, uitumie na programu ipi, na uifiche vipi kwenye mkono wa kanzu. Lakini kilichonishtua ni sentensi yako ya mwisho, kwamba kompyuta itakaa nyuma ya ukumbi kwa fundi mitambo na glavu itawasiliana nayo kwa Bluetooth, kwa sababu mazoezini imekubali.

Mazoezini hata yangu ilikubali, kwa kuwa viti vilikuwa vitupu. Bluetooth hutumia masafa ya 2.4 GHz, ambayo Wi-Fi nyingi huyatumia pia, na mwili wa binadamu, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni maji, huyanyonya. Jaza watu ukumbini, kila mmoja na simu yake, uone kinachokufikia. Katika kiitikio cha pili niliinua mkono wa kulia ili nikate ngoma na kufungua mwangwi, ngoma zikaendelea. Nikauinua tena na kuushikilia juu, mpiga kinanda akinikodolea macho, mpaka mama mmoja wa safu ya mbele akapanda kunitunza, akidhani ndicho ninachoomba. Nilipokata tamaa na kujifuta jasho, mawasiliano yakarudi, glavu ikasoma kule kujifuta kuwa ishara, na mwangwi wote ukafunguka juu ya kikohozi changu. Noti ya mama yule ndiyo pekee niliyoondoka nayo, maana mwenye ukumbi alizuia malipo.

Aliyeniuzia aliijaribu dukani kwake, kompyuta ikiwa hatua mbili kutoka mkononi, kisha akaapa kwamba waya ni mambo ya kizamani. Mwanamuziki Michel Waisvisz, aliyeanza kupiga The Hands, ala ya vitambuzi ya kuvaa mikononi, huko Uholanzi mwaka 1984, alikuwa na nyaya mikononi, na hakuna aliyemcheka.

Kwa hiyo, kabla ya glavu yoyote: kila ishara ya mkono iwe na pedali ya kukanyaga yenye waya inayofanya kazi ileile, na iwepo moja ya kuizima glavu yenyewe unapotaka kujifuta uso. Kompyuta ikae jukwaani, karibu na miguu yako, fundi mitambo apelekewe sauti tu kwa kebo. Mambo ya programu na kanzu niulize ukishaniwekea hapa picha ya pedali.