Nesi, Soma Faili Lako Kabla Mwajiri Hajalisoma

Ofa ya kazi ya uuguzi nchini Marekani haijakamilika mpaka ripoti ya uchunguzi irudi. Wauguzi wengi wakisikia neno uchunguzi huwaza bodi na polisi. Leseni ikiwa safi na mahakamani hawajawahi kufika, hujiona wamepita. Ofa inaweza kufa kwa jambo dogo kuliko hayo: alama aliyoiweka karani wa rasilimali watu siku ulipoondoka kazi ya zamani, inayosema hafai kuajiriwa tena. Hukuiona ikiwekwa, hukuitia sahihi, na huenda yule meneja wako aliyekuaga kwa keki hajui kwamba ipo.

Alama hiyo inaweza kuonekana na kupingwa. Inabidi kwanza ujue imekaa wapi, kwa sababu kila rekodi ina mwenyewe, na barua iliyopelekwa kwa asiye mwenyewe ni muda uliopotea.

Nani anashika nini

Leseni na adhabu zake ziko kwa bodi ya uuguzi ya jimbo. Bodi nyingi huzipeleka kwenye Nursys, mfumo wa NCSBN (baraza la kitaifa la bodi za uuguzi), ambao mwajiri yeyote anaweza kuufungua. Jisajili kwenye huduma yake ya e-Notify, ni bure kwa muuguzi, na itakujulisha hali ya leseni yako ikibadilika. Serikali ya shirikisho nayo ina hazina ya NPDB, iliyoanza kazi mwaka 1990, inayohifadhi hatua za bodi, malipo ya fidia za uzembe wa kitabibu na hukumu za jinai zinazohusu huduma za afya. Kufukuzwa kazi peke yake hakumwingizi muuguzi NPDB, ingawa wapo wanaotishwa hivyo wakiwa mezani na meneja. Halafu kuna orodha ya OIG, ofisi ya mkaguzi mkuu wa Wizara ya Afya ya shirikisho, ya watu waliozuiwa kufanya kazi inayolipiwa na Medicare au Medicaid, bima za afya za serikali. Jina likiwemo humo hakuna hospitali itakayokugusa, na makosa mazito huanzia miaka 5 ya kuzuiwa.

Historia ya kazi ndiyo yenye utata. Mwajiri mpya anaweza kupiga simu moja kwa moja hospitali ya zamani. Anaweza kununua taarifa The Work Number, hazina ya kampuni ya Equifax inayolishwa na idara za mishahara. Au anaweza kuipa kazi kampuni ya uchunguzi, na nyingine kati ya hizo hutunza taarifa ambazo hospitali za eneo zima huzipeleka: tarehe, cheo, sababu ya kuondoka, kama unafaa kurudishwa. Hapo alama moja ya hospitali moja inaweza kukufungia mji mzima.

Alama inavyozaliwa

Si lazima uwe umefanya kosa la kitaaluma. Vyanzo vya kawaida ni kuondoka bila notisi, kuacha kabla mafunzo ya awali hayajaisha, kukosa zamu bila kupiga simu, kuvunja mkataba wa uuguzi wa muda, au kujiuzulu katikati ya uchunguzi wa ndani. Hesabu za dawa za kulevya zisizolingana kwenye kabati la kielektroniki nazo zimo, na hizo mara nyingi huendelea hadi kwa bodi.

Kwenye notisi ndiko watu huteleza bila kujua. Unaandika siku 14, kisha ndani yake unatumia likizo ya siku 4 uliyoilimbikiza. Sera nyingi za hospitali zinataka notisi ifanyiwe kazi, kwa hiyo kwao umetoa siku 10, na mfumo unakuwekea alama. Wengine hutoa notisi ya wiki mbili wakati kitabu cha sera kinadai wiki nne kwa cheo chao. Soma sera kabla ya kuandika barua. Taja ndani ya barua tarehe ya zamu yako ya mwisho, ipeleke kwa meneja na kwa idara ya rasilimali watu pia, halafu uombe idara hiyo, si meneja, ikujibu kwa maandishi umeondoka kwa msimbo gani na kama unafaa kuajiriwa tena. Ni rahisi kurekebisha kosa wiki hiyo hiyo kuliko miaka mitatu baadaye, karani akiwa ameshahama.

Chukua nakala za tathmini zako za mwaka, vyeti vya mafunzo na barua za pongezi kabla barua pepe ya kazini haijafungwa. Usiguse kitu chochote chenye jina la mgonjwa. Ushahidi wenye taarifa za wagonjwa utakuletea kesi ya faragha chini ya HIPAA, sheria ya shirikisho inayolinda taarifa za afya, na hiyo ni mbaya kuliko alama unayoikimbia.

Usikubali pia kuchanganyiwa mambo mawili. Kuacha kazi ghafla ni suala la mwajiri. Kumtelekeza mgonjwa, yaani kupokea wagonjwa wa zamu kisha kuondoka bila kumkabidhi mwenzako, ni suala la bodi. Bodi nyingi zinatenganisha hayo waziwazi. Ukiona ripoti imeandika kutelekeza wagonjwa wakati wewe ulijiuzulu baada ya zamu kwisha, hilo ni kosa la kupingwa neno kwa neno.

Sheria inayokulinda, na inapoishia

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1970, Fair Credit Reporting Act au FCRA, haihusu mikopo tu. Inabana kampuni yoyote inayokusanya habari za watu na kuwauzia waajiri. Mwajiri anayetaka ripoti yako lazima akupe kwanza karatasi inayosema hivyo, isiyochanganywa na mambo mengine, na uweke sahihi. Karatasi hiyo ipige picha kabla ya kuirudisha, kwa sababu mara nyingi ina jina la kampuni ya uchunguzi. Watu husaini kwenye simu wakiwa kwenye basi, na baadaye hawajui wamtafute nani.

Kabla hajakukataa kwa sababu ya ripoti, mwajiri anatakiwa akupe nakala yake pamoja na muhtasari wa haki zako, na muda wa kutosha wa kujibu. Sheria haikutaja idadi ya siku, ila waajiri wengi hushika siku 5 za kazi. Akishakataa, anatuma taarifa ya pili yenye jina, anwani na simu ya kampuni iliyotoa ripoti, na kuanzia hapo una siku 60 za kuomba nakala bure.

Wapo wanaokwepa kwa kuandika tu kwamba nafasi imejazwa. Usibaki ukibashiri. Iandikie kampuni iliyotajwa kwenye karatasi uliyoipiga picha, uombe faili lako lote. Mtu asiye na kazi anayekusudia kuomba kazi ndani ya siku 60 ana haki ya nakala moja ya bure kwa mwaka. Ya The Work Number pia ni bure, na unaweza hata kuifungia data yako isitolewe, ila kumbuka kuifungua ukiomba kazi, la sivyo uthibitisho utachelewa na mwajiri atadhani unaficha.

Sheria hii ina tundu kubwa. Mwajiri wa zamani akipigiwa simu na kusema anachokijua mwenyewe, hiyo si ripoti chini ya FCRA. Hapo unabaki na sheria za jimbo za kashfa, na majimbo mengi yanamkinga mwajiri anayesema kweli, au anayeamini kwa nia njema kwamba anasema kweli. Kingine ni kwamba habari mbaya iliyo ya kweli haifutwi kwa kupinga. Habari nyingi mbaya hukoma kuripotiwa baada ya miaka 7, lakini hukumu za jinai hazina kikomo katika sheria ya shirikisho, na kikomo cha miaka 7 hakifungi kwa kazi ya mshahara wa dola 75,000 au zaidi kwa mwaka. Wauguzi wengi waliosajiliwa wanapita hapo.

Kupinga, na kwa nini kupinga hushindwa

Andika barua, usitegemee simu. Taja kila kosa peke yake: ripoti inasema nini, ukweli ni upi, ushahidi ni karatasi ipi. Ambatisha nakala, si karatasi halisi. Itume kwa posta iliyosajiliwa yenye risiti ya kupokelewa. Kampuni ina siku 30 za kuchunguza, zinazoweza kuongezwa 15 ukileta habari mpya katikati, kwa hiyo leta kila kitu mara moja. Ikimaliza, ina siku 5 za kazi kukupa jibu kwa maandishi. Isichoweza kukithibitisha lazima ikifute au ikirekebishe.

Kinachokwamisha ni namna uthibitisho wenyewe unavyofanyika. Kampuni inamuuliza mwajiri wa zamani kama habari bado ni sahihi. Karani anafungua skrini ile ile yenye alama ile ile, anajibu ndiyo. Faili linafungwa. Ndiyo maana barua ya pili, yenye ushahidi ule ule, iende siku hiyo hiyo kwa mkuu wa rasilimali watu wa hospitali ya zamani, ukiomba alama ibadilishwe kwenye chanzo. Ukifuta kwenye ripoti bila kugusa chanzo, mwezi ujao hurudi. Kampuni ikikirudisha kilichofutwa inatakiwa ikujulishe ndani ya siku 5 za kazi.

Makosa mengine si ya mtu kukuchukia. Muuguzi mwenye majina matatu yanayopangwa tofauti kwenye pasipoti, leseni na mishahara anaweza kubebeshwa rekodi ya mtu mwingine, au kuonekana hajawahi kufanya kazi mahali. Aliyeletwa na wakala hulipwa na wakala, hivyo hospitali ikiulizwa inasema haimjui. Hospitali zilizoungana hupoteza rekodi za jina la zamani. Kwa haya, dawa ni karatasi za fedha: fomu za W-2 (taarifa ya mwaka ya mshahara na kodi), hati za mshahara, na nakala ya mapato kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho, ambayo ni bure na hurudi nyuma hadi miaka 10.

Ukishindwa kote, una haki ya kuweka maelezo yako ndani ya faili, na kampuni inaweza kuyabana yasizidi maneno 100. Yaandike kwa ubaridi. Tarehe ya notisi, tarehe ya zamu ya mwisho, matokeo ya bodi kama yapo, basi. Malalamiko juu ya meneja humfanya msomaji amwonee huruma meneja.

Kosa la NPDB halipitii njia hii. Unaomba nakala yako mwenyewe, unawasiliana na aliyeripoti, na baada ya siku 60 bila suluhu unaweza kuipeleka kwa Wizara ya Afya ya shirikisho. Kosa la leseni hurekebishwa na bodi yenyewe, Nursys huonyesha tu ilichopewa.

Jimbo lako lina uzito

Missouri inampa mfanyakazi aliyetumikia siku 90 au zaidi kwenye kampuni yenye watu 7 au zaidi haki ya kudai barua ya sababu za kuondoka, ikiombwa kwa posta iliyosajiliwa ndani ya mwaka mmoja, na mwajiri ana siku 45 za kujibu. Minnesota inakupa siku 15 za kazi za kuuliza kwa nini umefukuzwa. California inamtaka mwajiri akupe nakala ya faili lako la ajira ndani ya siku 30.

New Jersey imeelekea upande mwingine. Charles Cullen, nesi aliyekamatwa Desemba 2003, alikuwa amehama hospitali hadi hospitali kwa miaka 16 akiua wagonjwa, na waajiri wakinyamaziana. Sheria ya mwaka 2005 ikazilazimisha taasisi za afya kuambizana ukweli. Kelele za wauguzi dhidi ya ripoti hizi zina haki yake, lakini usitegemee kwamba hospitali zitarudi kunyamaza.

Ukiwa bado mezani

Ukipewa nafasi ya kujiuzulu badala ya kufukuzwa, hapo una kitu cha kuuza. Omba makubaliano ya maandishi yanayotaja neno kwa neno kitakachosemwa: tarehe, cheo, umejiuzulu. Hakikisha yanagusa pia msimbo ndani ya mfumo na taarifa zinazopelekwa kwa kampuni za nje, maana meneja anaweza kutimiza ahadi kwenye simu huku mfumo ukipeleka jambo lingine. Makubaliano hayo hayawezi kuzuia ripoti ambayo sheria inamlazimu mwajiri kuipeleka kwa bodi, na anayekuahidi hivyo anakudanganya.

Kwenye fomu za maombi, usidanganye juu ya kufukuzwa wala usiruke mwajiri. Kwa maoni yetu, tofauti kati ya fomu na ripoti huua ofa nyingi kuliko kufukuzwa kwenyewe. Andaa sentensi mbili, useme kilichotokea na kilichofuata, unyamaze.

Alama ikiwa ni kisasi kwa kulalamikia ubaguzi, Title VII, sheria ya shirikisho inayokataza ubaguzi kazini, inakulinda hata ukiwa umeshaondoka. Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema hivyo mwaka 1997 katika kesi ya Robinson dhidi ya Shell Oil. Malalamiko yapelekwe EEOC, tume ya shirikisho ya usawa katika ajira, ndani ya siku 180, au 300 kwenye majimbo yenye chombo chake cha kupambana na ubaguzi. Kesi ya FCRA ina miaka 2 tangu ulipogundua kosa, na haivuki miaka 5 tangu lilipofanyika. Aliyevunja sheria kwa makusudi anaweza kulipishwa dola 100 hadi 1,000 hata bila hasara kuthibitishwa, pamoja na gharama za wakili wako, na kwa sababu hiyo wapo mawakili wanaopokea kesi hizi bila malipo ya awali. Watakachokuomba kwanza ni ripoti yenyewe, barua ya kukataliwa yenye tarehe, picha ya karatasi ya ridhaa na risiti za posta. Bila ripoti mkononi wakili hana pa kuanzia, kwa hiyo zile siku 60 zisipite.