Miaka saba ya nani?

Mmeuliza wiki hii: mgeni akae nchini miaka mingapi ndipo apewe uraia? Katiba ya Kenya imeshajibu katika kifungu cha 15: miaka saba mfululizo. Hiyo saba sina neno nayo. Kinachonikera ni sharti lililoambatana nayo, kwamba awe amekaa kihalali.

Mimi ni mama karanga, yaani mwanamke wa kukaanga na kuuza samaki, huku kusini mwa Kwale, pwani ya Kenya, na wavuvi ninaonunua samaki kwao wengi ni Wapemba. Babu zao walivuka kutoka kisiwa cha Pemba wakifuata samaki. Wengine wakaja baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964. Wajukuu wamezaliwa hapa, wamesoma madrasa moja na wanangu. Miaka yote hiyo haikuhesabiwa hata mmoja, maana hesabu huanza na karatasi, nao karatasi hawakuwa nayo. Na tazameni kifungu cha 14: mtoto akiokotwa Kenya, akaonekana hajatimiza miaka minane na wazazi wake hawajulikani, huyo huhesabiwa Mkenya wa kuzaliwa. Wa Mpemba, ambaye wazazi wake tuliwapikia pilau ya arusi, akaambiwa si Mkenya!

Asiye na kitambulisho hasajili laini ya simu. Basi nilikuwa nikimlipa mvuvi kwa M-Pesa, linatokea jina la jirani yake, na siku wakikosana pesa inabaki kwa jirani. Leseni ya uvuvi pia hakupata, kwa hiyo alivua chini ya jina la mwenye kitambulisho, ambaye ndiye aliyepanga mgao. Wengine walichoka, wakajiandikisha Wadigo, kabila la wenyeji wa hapa.

Sheria ya 2011 ilishawafungulia njia wasio na uraia wa nchi yoyote waliokuwa Kenya tangu 12 Desemba 1963. Njia ilikuwepo kwenye kitabu tu. Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa enzi za Mwingereza, ilibidi 2016 wafunge safari kutoka Kwale hadi Nairobi ndipo Rais Uhuru Kenyatta akaamuru wapewe vitambulisho. Wapemba wakangoja mpaka 2023, zamu ya Rais Ruto.

Majirani zangu wapo walionung'unika, na siwaiti wabaguzi. Kwale kuna mtu amezikwa babu yake kwenye shamba, na yeye mwenyewe bado anaitwa skwota kwa kuwa hana hati. Mtu kama huyo akisikia wengine wanaongezwa kwenye orodha ya wananchi, anaona foleni ya ardhi imerefuka. Hofu yake ina sababu. Lakini waliomchukulia ardhi walikuwa na vitambulisho, na hati juu. Mpemba hata kiwanja cha kujenga choo alikuwa akiomba. Wanasiasa wanalijua hilo vizuri, ila ni rahisi kumwonyesha mvuvi kuliko kumtaja mwenye eka elfu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Mtu aliyekuja mkubwa, miaka saba yatosha, mradi ianze siku aliyofika, majirani na wazee wa kijiji wakitoa ushahidi. Aliyezaliwa hapa na kukulia hapa asihesabiwe miaka kabisa. Akifika kumi na minane aende na cheti chake cha kuzaliwa apigwe picha ya kitambulisho kama wanangu walivyopigwa, bila kuitwa pembeni kuulizwa babu yake alishuka ufuo gani.