Kabla ya kununua gari la dizeli lililotumika, hesabu kwanza safari zako

Juzi usiku dada mmoja, msomaji wangu wa siku nyingi, aliniandikia. Amepata gari la dizeli lenye umri wa miaka tisa, limetembea kilomita 140,000, rangi bado inang'aa, viti havina doa. Mwenye gari anamsukuma atoe kishika uchumba kabla ya Jumamosi kwa sababu "kuna mtu mwingine analitaka". Ananiuliza: ninunue au niache?

Nilisoma ujumbe ule mara tatu. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi miaka sita iliyopita, tena na mtu niliyekuwa namwita kaka.

Wakati ule nilikuwa na hamu kubwa ya dizeli, na nadhani wewe unayesoma hapa unaijua hamu hiyo. Unataka gari lenye nguvu, linalopanda mlima likiwa limejaa watu na mizigo, halafu lisikumalize mfuko kwenye kituo cha mafuta. Sifa hizo ni za kweli. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Inabana hewa mpaka inakuwa ya moto kiasi cha kuwasha mafuta yenyewe. Injini ya petroli hubana hewa hadi kama sehemu moja ya kumi ya ujazo wake, ya dizeli huenda hadi sehemu moja ya 15 au hata ya 20, na ndiyo maana kila tone linafanya kazi zaidi. Tena lita moja ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli, zaidi kidogo ya asilimia 10. Yote hayo nilikuwa nimeyasoma. Nilikuwa na daftari zima la hesabu za mafuta nitakayookoa.

Kitu ambacho sikukihesabu ni safari zangu. Kutoka nyumbani hadi kazini zilikuwa kilomita nne. Asubuhi nne, jioni nne, katikati foleni.

Siku ya kuliangalia gari nilikuta injini tayari ina joto. Kaka akaniambia alikuwa amelisogeza kidogo tu kulipisha gari jingine. Niliamini. Liliwaka kwa kugusa ufunguo mara moja, halikutoa moshi, tukazunguka dakika kumi, nikalipa. Sikwenda na fundi, maana niliona ni kumvunjia heshima mtu ninayemfahamu.

Mwezi wa tatu taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi. Lilikuwa chujio la masizi, lile linalokaa kwenye njia ya moshi, mafundi wanaliita DPF. Magari ya dizeli yaliyotengenezwa kwa ajili ya Ulaya kuanzia 2011 karibu yote yanalo. Chujio hilo hudaka masizi, na likijaa injini huyachoma yaishe. Lakini kuyachoma kunahitaji joto la kama nyuzi 600 za Selsiasi ndani ya chujio, yaani dakika kumi hadi ishirini za kwenda mfululizo kwa mwendo mzuri. Mimi nilikuwa nazima gari kabla hata injini haijapata moto. Taa ilizimika, ikarudi, ikazimika tena. Nikaizoea.

Sasa nisikilize hapa, maana jambo hili linanichoma mpaka leo. Mwezi wa sita nilipima oili kwa kile kijiti, nikakuta imepanda juu ya alama ya mwisho. Nilifurahi! Nilimpigia shemeji yangu kumwambia gari langu halili oili hata tone. Sikujua kwamba injini ikijaribu kusafisha chujio, kwenye magari mengi inamwaga mafuta ya ziada ndani ya silinda kwa kuchelewa, makusudi, ili moshi upate joto. Ukizima gari katikati ya kazi hiyo kila siku, sehemu ya dizeli hiyo inateleza pembeni mwa pistoni, inapita kwenye ringi na kushukia kwenye oili. Oili yangu ilikuwa inaongezeka kwa sababu ilikuwa inachanganyika na dizeli. Ilikuwa imekuwa nyepesi kama maji. Na turbo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi, ambayo mhimili wake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, haina kinga nyingine zaidi ya oili hiyo.

Mwezi wa kumi turbo ilikufa. Moshi wa bluu ulijaa barabara nzima, watu wakashuka kwenye magari yao kuangalia.

Fundi alichomeka kompyuta yake, akasoma, akanyamaza. Kisha akaniuliza nimeliendesha kilomita ngapi tangu ninunue. Nikamwambia 2,290, nilikuwa naandika kila kitu. Akanigeuzia kioo cha kompyuta. Kumbukumbu ya hitilafu ilikuwa imefutwa kilomita 2,310 nyuma. Toa mwenyewe. Kilomita 20 kabla sijakabidhiwa ufunguo, kuna mtu aliyezifuta taa za hatari ili nisizione.

Matengenezo yalikula zaidi ya nusu ya bei niliyonunulia gari lenyewe. Fundi mwingine alinishauri nitoboe chujio nilitoe matumbo, niendelee na maisha. Nilikataa, na wewe ukatae. Nchini Uingereza, kwa mfano, tangu Februari 2014 gari lililotoka kiwandani na chujio likakutwa halina, halipiti ukaguzi, na masizi yale yanaingia vifuani mwa watoto wetu. Yule kaka nilimpigia simu. Alisema aliuza gari zima na mimi ndiye niliyeliharibu. Nusu ya maneno yake yalikuwa kweli, na hiyo nusu ndiyo iliyoniuma zaidi.

Mtu akisikia habari hii hudhani nimeichukia dizeli. Hapana. Gari ninaloendesha leo ni la dizeli, lililotumika, na nililinunua likiwa na kilomita 210,000. Ndiyo, nyingi kuliko za lile la kwanza. Mwaka wa nne huu halijanilaza barabarani hata siku moja, na nasema hivyo kwa fahari kwa sababu nililichagua kwa akili yangu. Kilichobadilika ni kwamba nilihamia kazi ya mbali, kilomita 55 kwenda na 55 kurudi, barabara iliyonyooka. Mwenye gari wa kwanza naye alikuwa mtu wa safari ndefu, na vitabu vya sevisi alikuwa navyo vyote. Kilomita nyingi za barabara kuu haziichoshi injini ya dizeli kama zinavyoichosha kilomita chache za foleni. Ukiona gari la dizeli la miaka tisa lenye kilomita kidogo sana, usishangilie. Uliza lilikuwa linakwenda wapi.

Siku ya kulikagua nilimwambia mwenye gari asiliwashe kabla sijafika. Nilipofika niliweka kiganja juu ya boneti kabla hata ya salamu kuisha. Ilikuwa baridi. Gari la dizeli likichoka huficha ugonjwa wake kwenye joto. Nozeli za kunyunyizia mafuta zinazovuja, plagi za kupasha joto zilizokufa, mbano uliopungua, vyote hujionyesha injini ikiwa imelala usiku kucha. Likikohoa kwa dakika nzima na kutoa moshi mweupe ndipo litulie, limeshakujibu. Moshi mweusi mzito ukikanyaga ni mafuta kuzidi hewa, wa bluu ni oili inaungua. Fundi alifungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma, tukaangalia kama inasukuma pumzi kwa nguvu, dalili ya injini iliyochoka. Akapima mafuta yanayorudi kutoka kila nozeli, akachomeka kompyuta, na mimi nikamwambia anisomee kwanza ile namba ya kilomita tangu kumbukumbu ifutwe. Vilevile tulinusa oili. Oili yenye dizeli inanuka dizeli, pua yako inatosha.

Jambo la mkanda wa taimingi, klachi na matairi fundi yeyote atakuambia, sitalirefusha. Angalia pia sheria za unakoishi. Baada ya Volkswagen kukiri Septemba 2015 kwamba magari kama milioni 11 yalikuwa na programu ya kudanganya vipimo vya moshi, miji kadhaa ya Ulaya iliyabana magari ya dizeli ya zamani. Usinunue gari usiloweza kufika nalo unakokwenda.

Ndugu zangu, nendeni na fundi. Nendeni na fundi hata kama muuzaji ni binamu yenu, hata kama mmesali naye safu moja. Anayeuza kitu kizima haogopi kukaguliwa, na akikasirika kwa sababu umeomba injini iwe ya baridi, rudisha pesa yako mfukoni uage kwa heshima. Na "kuna mtu mwingine analitaka" mwache huyo mwingine alichukue.

Lakini hayo yote yanakuja baadaye. Dada aliyeniandikia sikumuuliza habari za nozeli wala turbo. Nilimuuliza kutoka kwake hadi kazini ni kilomita ngapi. Amejibu leo alfajiri: tano, na wikiendi huwa hatoki sana. Nimemwambia asitoe kishika uchumba, atafute la petroli.