Maswali yenu: Kanuni au matokeo?

Swali: Kwenye falsafa ya maadili, hao wa wajibu na hao wa matokeo wanapishana wapi hasa? Nipe kwa kifupi, nimesoma mpaka kichwa kinauma.

Jibu: Wa wajibu, akina Immanuel Kant, wanauliza kitendo chenyewe kinaruhusiwa au la. Wa matokeo, akina Jeremy Bentham na John Stuart Mill, wanauliza kikishafanyika nani atapata nafuu na nani ataumia. Kapumzike.

Swali: Eti Kant alisema muuaji akibisha hodi anamtafuta rafiki yangu niliyemficha ndani, nisimdanganye? Si uchizi huo?

Jibu: Hajasingiziwa, alisema kweli. Benjamin Constant alimbana kwa mfano wa namna hiyo na mwaka 1797 mzee akajibu kwa makala nzima, hakurudi nyuma hata hatua moja. Hoja yake ni hii: umemwambia muuaji rafiki hayupo, kumbe mwenzio kashachomoka nje wewe hujui, muuaji anageuka anakutana naye njiani anammaliza, basi lawama inakuangukia wewe uliyedanganya. Hapo kwenye kutojua yatakayotokea ana pointi, maana sisi wapiga hesabu za matokeo tunajiamini mno, ila kumtoa mtu kwa ajili ya usafi wa ulimi wangu, hapana, mimi hapo nashuka. Mwanafalsafa W. D. Ross mwaka 1930 alikaa vizuri zaidi: majukumu yako mengi, kusema kweli, kushika ahadi, kutodhuru, kusaidia, na yakigongana unapima lipi limezidi uzito kwa hali hiyo. Mlangoni pale la kumlinda rafiki limezidi, unadanganya, na bado hujahamia kambi ya matokeo.

Swali: Kwenye ule mfano wa treni inayowaendea watu 5 relini, kuigeuza kwenye reli nyingine iue 1 badala ya 5 naona sawa, ila kumsukuma mtu darajani aizuie naona unyama. Mbona hesabu ni ile ile?

Jibu: Hesabu ndiyo, mpango sio. Mwanafalsafa Philippa Foot alianza na dereva wa tramu (treni ya mjini) mwaka 1967, la daraja akalileta Judith Jarvis Thomson baadaye. Jaribu kumwondoa yule mmoja kichwani. Kwenye reli, asingekuwepo wale 5 wangepona vile vile, tena vizuri zaidi, lakini darajani asipokuwepo mpango wote umekufa, yaani mwili wake ndio breki. Hapo Kant anakomaa: usimtumie mtu kama kifaa tu. (Thomson akaja tena na reli inayozunguka na kurudi, ikavuruga jibu hili, leo siingii huko bana.)

Swali: Nataka kumkopa jamaa, nimwambie nitalipa mwezi ujao japo najua sitaweza. Ana hela kibao, mimi nina shida. Kimatokeo si poa?

Jibu: Umechagua mfano wa Kant mwenyewe, wa mwaka 1785! Yeye anasema wote wakiahidi hivyo hakuna atakayeamini ahadi, watu watacheka tu. Na usidhani Mill atakuokoa, yeye pia alisema uaminifu ukichakaa kila mtu anaumia. Halafu angalia mshika kalkuleta ni nani: ni wewe mwenye shida, na jamaa hayupo kwenye kikao. Mwambie huna uhakika wa kulipa. Akitoa hata hivyo, katoa akijua.