Pierrot mwenye kamera

SWALI: Shikamoo Mzee. Kikundi chetu cha maigizo hapa Jinja kinataka picha ya bango. Mwenzetu alinionyesha kwenye simu picha ya zamani ya Ufaransa: mtu kavaa nguo nyeupe pana, uso kaupaka weupe, kasimama kando ya kamera. Ni nani huyo? Ilipigwa jukwaani?
Mwigizaji, Jinja

JIBU: Marahaba, binti. Huyo ni Charles Deburau wa Paris, akicheza Pierrot, yule asiyesema neno jukwaani. Nafasi hiyo baba yake aliitia fora kabla yake. Picha ilitoka kwa ndugu wawili, Félix Tournachon, maarufu kama Nadar, na mdogo wake Adrien, kati ya 1854 na 1855. Baadaye wakapelekana mahakamani kugombea jina hilo la Nadar, kaka akashinda. Mambo ya ndugu na studio nayajua, tuyaache.

Jukwaani haikuwezekana, mwanga usingetosha. Filamu ya enzi hizo ilikuwa kioo: kilipakwa kolodioni, dawa ya kunata, kikachovywa katika nitrati ya fedha ili kihisi mwanga, kikaingia kwenye kamera kingali kimelowa, na kikasafishwa kabla hakijakauka. Mbele yake mtu alikaa sekunde kadhaa bila kutikisika. Sasa itazame mikono ya Pierrot: mmoja uko kwenye kamera, mwingine unaionyesha. Ni mchezo kabisa, ila kaugandisha. Mimi na wewe tungetetemeka.

Halafu rangi. Nilipokuwa nasafisha picha Kampala, chumba cha giza kilikuwa na taa nyekundu, kwa kuwa karatasi yetu ya kuchapia haikuiona rangi hiyo. Kioo cha akina Nadar vilevile. Midomo iliyopakwa rangi nyekundu ilitoka myeusi. Weupe ulipona, lakini una hatari yake: kuungua. Niliwahi kumpiga bibi harusi saa saba mchana, jua la utosi, gauni likatoka kama shuka iliyoanikwa. Mama yake hakunilipa hata shilingi. Pierrot kila mkunjo wa nguo una kivuli chake.

Kwa hiyo msimweke mwenzenu juani. Asimame karibu na dirisha, mwanga umpige ubavuni, nyuma kuwe na ukuta wa kijivu. Asipozi, acheze kipande chake, kisha mtu apaze sauti, "Ganda!" Mkifika kwa wachapaji wa Nasser Road, Kampala, dai nakala moja ya majaribio kwanza. Mikunjo isipoonekana, usitoe pesa.